Ajali ya mashine ina kinga

Wahenga walisema kwamba ajali haina kinga. Methali hii imo katika vitabu vingi vinavyotumiwa shuleni, nami kwa miaka yote niliyofundisha lugha nimekuwa nikiwaeleza wanafunzi maana yake bila kusita: binadamu hawezi kuliepuka lililokwisha kuandikwa. Leo namwomba msomaji aniruhusu niwakosoe wahenga, au tuseme, niikosoe namna sisi warithi wao tunavyoitumia kauli yao. Sifanyi hivyo kwa kupenda ubishi. Mwaka 2021 methali hii ilitumiwa kumfungia mlango kijana wa damu yangu, na ufunguo ulioufunga mlango huo ulikuwa barua niliyoiandika mimi mwenyewe.

Kijana huyo ni mtoto wa mjomba wangu. Wakati huo alikuwa na umri wa miaka 22, naye alikuwa ameajiriwa katika soko dogo karibu na kwetu kuendesha mashine ya kukatia nyasi za ng'ombe. Wafugaji walileta matete na mabua ya mahindi kwa mikokoteni na pikipiki, yeye akayalisha kwenye mashine, nao wakaondoka na magunia ya lishe iliyokatwakatwa. Malipo yake yalihesabiwa kwa gunia. Mashine yenyewe, kama zilivyo nyingi za aina hiyo, ilikuwa na rola mbili zenye meno, zinazozunguka kwa kuelekeana ili kuzivuta nyasi ndani, na nyuma ya rola hizo palikuwa na gurudumu zito lililofungwa visu. Iliponunuliwa, rola na visu vyote vilikuwa vimefunikwa kwa bati. Miezi kadhaa baadaye bati hilo liliondolewa kwa amri ya mwenye mashine. Mabua mabichi yalikuwa yakikwama, na kila yalipokwama ilibidi bolti nne zifunguliwe ndipo yatolewe. Bolti nne ni kazi ya dakika kadhaa, na wateja walikuwa wakingoja. Basi kifuniko kikatupwa nyuma ya kibanda, na kazi ikaenda mbio. Kijana akapoteza vidole vinne vya mkono wa kulia.

Nilipofika hospitalini nilimkuta amelala, mkono umefungwa bandeji hadi kwenye kiwiko. Mjomba alinivuta kando, akaniambia: "Mpwa wangu, wewe ndiwe msomi wetu. Mwandikie tajiri wake barua nzuri, yenye adabu, apate kutusaidia." Jioni hiyo nikaketi, nikaandika. Kusema kweli ilikuwa barua nzuri. Niliandika kwamba kijana wetu, akiwa kazini, aliteleza akajikata na kupata ajali mbaya. Kwamba tunatambua kuwa haya ni majaliwa. Na kwamba tunaomba msaada wake wa kiutu. Jibu lilikuja siku ya tatu, kwa kinywa cha mjumbe. Bwana yule alituma gunia la unga na shilingi 5,000, pamoja na salamu: "Poleni sana. Ajali haina kinga."

Tulishukuru. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo, kwamba tulishukuru.

Miezi 18 baadaye nilimsimulia kisa hiki mwenzangu anayefundisha sheria. Aliomba kuiona nakala ya barua ile, akaisoma mara mbili, kisha akaniuliza kwa upole: "Daktari, hapa ulikuwa unaripoti jeraha la kazini au unaomba sadaka?" Ndipo aliponieleza jambo ambalo mtu wa elimu yangu hakupaswa kungoja kuelezwa. Kenya ina Sheria ya Mafao ya Majeraha ya Kazini, iliyopitishwa mwaka 2007. Chini ya sheria hiyo mfanyakazi aliyeumia kazini akapata ulemavu ana haki ya kufidiwa, wala halazimiki kuthibitisha kwamba mwajiri alizembea. Kiasi cha ulemavu hupimwa kwa asilimia kulingana na jedwali lililomo ndani ya sheria yenyewe. Mwajiri ana wajibu wa kuripoti jeraha hilo serikalini. Lakini dai linatakiwa liwasilishwe ndani ya miezi 12. Kwetu miezi 12 ilikuwa imekwisha kupita, na mwenye mashine alikuwa ameiuza na kulihama soko lile.

Kwa kuwa kazi yangu ni sarufi, naomba tuirudie barua hiyo kwa jicho la sarufi. Tukio lile lingeweza kuelezwa kwa sentensi nne. Ya kwanza: "Vidole vyake vilikatika." Ya pili: "Alijikata." Ya tatu: "Alikatwa na mashine." Ya nne: "Mwajiri aliondoa kinga, mashine ikamkata." Zote nne ni sahihi, wala hakuna mtahini atakayezitia alama nyekundu. Lakini hebu tuzipime moja baada ya nyingine.

Sentensi ya kwanza iko katika kauli ya kutendeka. Mwalimu yeyote wa Kiswahili anajua tabia ya kauli hii: kikombe kimevunjika, mlango umefunguka, kamba imekatika. Ni kauli isiyokuwa na nafasi ya mtenda. Mtoto mwerevu aliyevunja kikombe cha mamake huitumia bila kufundishwa na mtu. Katika sentensi ya pili, kiambishi -ji- kinamfanya aliyeumia kuwa mtenda na mtendwa kwa wakati mmoja. Hatia yote imerundikwa juu ya mkono uliokwisha kupoteza vidole. Sentensi ya tatu inamtaja mtenda, naye ni mashine. Lakini mashine haina nia wala akili, haitozwi faini, haionywi ikaonyeka. Ni sentensi ya nne peke yake inayorudi nyuma hadi penye uamuzi wa mtu, na kile kiambishi -ka- katika "ikamkata" kinaunganisha uamuzi huo na matokeo yake. Ni hiyo peke yake inayotufundisha jambo la kufanya kesho: kinga irudishwe.

Katika barua yangu nilitumia sentensi ya pili. Hakuna aliyenilazimisha. Nilidhani ndiyo yenye adabu.

Sasa tulitazame neno "ajali" lenyewe. Asili yake ni Kiarabu, ambako maana yake ni muda uliowekwa, na hasa ule muda wa mwisho wa uhai wa mtu. Wazee wetu wa Pwani wanaposema kwamba fulani ajali yake imefika, hawana maana kwamba amegongwa na gari. Wana maana kwamba siku zake alizoandikiwa zimetimia, hata kama amefia kitandani kwake. Kwa maana hiyo ya kale methali ni kweli tupu. Kifo hakina kinga. Ila lugha haikai mahali pamoja. Neno hili limepanuka hadi likachukua kila tukio la ghafla lenye madhara: magari yaliyogongana, jiko lililolipuka, mkono ulioingia kwenye rola. Neno limehama, na methali ikalifuata huko lilikohamia bila mtu kuuliza kama bado inafaa. Matokeo yake ni kwamba tunalizungumzia bati lililotolewa kwa spana kwa lugha ile ile tunayoizungumzia saa ya mauti. Tukisha kufanya hivyo, anayeuliza maswali huonekana kama anayebishana na Mungu.

Mashine haina majaliwa. Ina vipimo. Chukulia gurudumu lenye visu viwili linalozunguka mara 600 kwa dakika. Hiyo ni mizunguko 10 kwa sekunde, na kwa kuwa visu ni viwili, ni mikato 20 kwa sekunde. Mtu mzima mwenye afya, aliye macho na aliyejiandaa, huhitaji takriban sehemu moja ya tano ya sekunde ili aanze kuitikia anachokiona. Katika muda huo mfupi visu vimekwisha kupita mara nne. Kumwambia mtu awe mwangalifu mbele ya chombo cha namna hiyo ni kumtaka awe mwepesi kuliko mwili alioumbiwa. Na hatari si visu peke yake. Mahali popote panapokutana rola mbili zinazoelekeana, au mkanda unapoingia kwenye gurudumu lake, au meno ya gia yanaposhikana, pana mdomo unaovuta. Ukishika ncha ya kidole, ukosi wa shati, ncha ya leso au msuko wa nywele, hauachii, huvuta kilichobaki. Hata glavu, ambazo wengi huzidhani kuwa salama, huweza kunaswa na kitu kinachozunguka zikauburuta mkono uliomo ndani.

Najua lipo jibu ambalo wenye mashine hulitoa, nami silipuuzi. Husema kwamba wafanyakazi ni wazembe. Ni kweli kwamba binamu yangu alinyoosha mkono kulitoa bua lililokwama wakati mashine ilikuwa ikizunguka. Yeye mwenyewe aliniambia. Lakini tulifikirie jambo hili kwa haki. Mtu anayerudia tendo lile lile mara mamia kwa siku, anayelipwa kwa gunia, na ambaye foleni ya wateja inamtazama, siku moja atanyoosha mkono. Hata mwangalifu huchoka, hupiga chafya, huitwa jina akageuka. Chombo kinachomdai binadamu asikosee hata mara moja katika maisha yake ya kazi ni chombo kibovu, hata kama kinakata nyasi vizuri. Kazi ya kinga ni kuhakikisha kwamba kosa la kawaida la binadamu linamgharimu dakika, si kiungo.

Na kinga yenyewe si elimu ya siri. Ya kwanza na rahisi kuliko zote ni ile isiyosogea: bati au wavu wa chuma uliofungwa kwa bolti juu ya mkanda, gia na visu. Ya pili ni umbali. Kwenye mashine ya kukatia nyasi, hori la kulishia likiwa refu na likafunikwa kwa juu, kiasi kwamba mkono wa mtu mzima ukiingizwa wote haufiki kwenye rola, basi hata aliyesinzia hawezi kukatwa. Ya tatu ni ile iliyounganishwa na umeme au injini, ambayo mtu akiifungua tu mashine huzimika yenyewe, na haiwaki hadi ifungwe. Ya nne hupatikana kwenye mitambo ya kukandamiza mabati: mashine haishuki mpaka mwendeshaji abonyeze vitufe viwili kwa mikono miwili, na mikono iliyo kwenye vitufe haiwezi kuwa chini ya chuma. Tena iko desturi ya mafundi makini, kwamba kabla ya kutengeneza au kusafisha mtambo wowote, swichi kuu huzimwa, hutiwa kufuli, na ufunguo hukaa mfukoni mwa yule yule atakayeingiza mkono. Wenzo wa kurudisha rola nyuma, uliomo katika mashine nyingi za nyasi, ungemtolea binamu yangu bua lile bila yeye kugusa kitu, laiti angefundishwa kuutumia.

Yafaa pia tuseme kwa nini kinga huondolewa, maana si kila anayeiondoa ana roho mbaya. Huondolewa kwa sababu imetengenezwa vibaya ikaikwamisha kazi. Huondolewa wakati wa matengenezo isirudishwe. Mara nyingine mashine huuzwa bila kinga ili bei ishuke. Kuna na sababu ya kilugha. Mafundi wetu huiita "kava", yaani kifuniko, na kifuniko ni kitu cha kuvuliwa, kama shuka la kufunikia kiti. Tungezoea kuiita kinga, labda mkono wa kuiondoa ungesita kidogo. Hata hivyo, jina peke yake halitoshi. Kinga inayoikwamisha kazi itaondolewa tu, iitwe vyovyote iitwavyo. Kwa hiyo ni lazima itengenezwe na mtu anayeijua kazi. Mafundi wa jua kali wa Kamukunji, Nairobi, ambao kwa nyundo na bati hutengeneza masanduku, majiko na toroli, hawashindwi na kazi hiyo. Wanachokosa ni mteja anayeidai.

Wala mabishano haya si mageni. Uingereza, ambako sheria zetu nyingi za viwanda zilichukuliwa, iliyapitia kwa machungu. Sheria yake ya Viwanda ya mwaka 1844 iliagiza kwamba mitambo ya kuendeshea viwanda vya nguo izungushiwe uzio, na ikakataza watoto na vijana kuisafisha inapokwenda. Wenye viwanda wakanung'unika. Walidai kwamba mihimili inayozunguka futi saba juu ya sakafu haimfikii mtu, na kwamba anayenaswa amejitakia. Mwaka 1854 jarida la Charles Dickens, Household Words, lilichapisha makala ya Henry Morley kuhusu wafanyakazi waliovutwa na mihimili hiyo. Mwaka uliofuata wenye viwanda waliunda chama cha kupigania sheria ilegezwe, na jarida hilo likakipachika jina la kejeli, Chama cha Kuwararua Wafanyakazi. Mwaka 1856 Bunge lilikubali kuilegeza sheria. Msomaji aone jinsi ubishi ule ulivyofanana na wa kwetu: upande mmoja ulisema "mitambo haina uzio", upande wa pili ukasema "wafanyakazi hawana akili". Ilichukua muda mrefu hoja ya uzio kukubalika kuwa ya kawaida. Mwaka 1963 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba nambari 119 kuhusu kinga za mashine, unaokataza hata kuuza au kukodisha mashine ambayo sehemu zake za hatari hazina kinga. Nayo India, ambayo wakulima wake wengi walikatwa mikono na mashine za kupuria ngano, ilitunga sheria ya mashine za hatari mwaka 1983, ikawabana watengenezaji na wauzaji, si watumiaji peke yao.

Kwetu Kenya, sheria ya viwanda ilianza kutumika mwaka 1951, enzi ya ukoloni, na mwaka 2007 nafasi yake ilichukuliwa na Sheria ya Usalama na Afya Kazini. Sheria hii inaagiza kwamba kila sehemu ya hatari ya mashine izungushiwe kinga imara, isipokuwa kama mahali ilipo au umbo lake vinaifanya iwe salama kwa kila mtu aliyepo. Inampa mfanyakazi wajibu wa kuripoti hatari kubwa kwa msimamizi wake, na inamkataza mwajiri kumrudisha kwenye hatari hiyo kabla haijaondolewa. Jambo hili walijue hasa wanafunzi wa vyuo vya ufundi wanaotumwa viwandani kwa mazoezi. Kijana aliyetoka chuoni jana huogopa kusema, asije akaonekana mvivu. Mwalimu wake amwambie kabla hajaondoka kwamba kusema ni wajibu aliopewa na sheria.

Baada ya mkasa wa binamu yangu, mimi kama mtu wa lugha nilidhani nimeuona mzizi wa fitina. Mashine zetu hutoka ng'ambo, na maonyo yaliyobandikwa juu yake huwa kwa Kiingereza au kwa Kichina. Katiba yetu ya mwaka 2010 inasema katika kifungu cha 7 kwamba Kiswahili ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Basi nikasema, yatafsiriwe maonyo hayo kwa Kiswahili fasaha, na vidole vya watu vitapona. Nilianza hata kuandaa orodha ya maneno.

Siku moja nikapita katika soko lile lile, nikaingia kwenye kibanda cha mama mmoja mwenye mashine ya kusagia unga. Injini ilikuwa ikinguruma, na watoto watano au sita walikuwa wamekaa na vibuyu na ndoo za mahindi wakingoja zamu. Nikaona kwamba mkanda wote, kutoka kwenye injini hadi kwenye kinu, ulikuwa umezungushiwa wavu mzito wa chuma. Hapakuwa na onyo lolote, wala kwa Kiswahili wala kwa Kiingereza. Nikampa shauri langu la kubandika maandishi. Yule mama, ambaye aliniambia wazi kwamba hakusoma, alitabasamu akasema: "Mwalimu, hawa wanaotumwa kwangu ni watoto. Mtoto hasomi kibao. Mtoto hushika."

Nilirudi nyumbani na orodha yangu ya maneno nikiwa nimenyamaza. Sisemi kwamba maonyo ya Kiswahili hayana maana. Yanahitajika, na ni aibu kwamba hayapo. Lakini mama yule alikuwa amelitambua jambo ambalo wataalamu wa usalama hulisisitiza: kwanza iondoe hatari, ukishindwa izuie kwa chuma, na maneno yaje baada ya hapo. Onyo humfikia anayelisoma, na humlinda muda ule tu anaolikumbuka. Kinga bora haisemi lugha yoyote. Humlinda msomi na asiyesoma, mtu mzima na mtoto, aliye macho na aliyechoka.

Kazi ya lugha, basi, iko wapi? Naona iko mahali pawili. Mahali pa kwanza ni katika kumbukumbu: barua, daftari la matukio, ripoti, habari ya gazeti. Huko ndiko tunakoamua kama tukio litakuwa somo au litakuwa msiba tu. Mahali pa pili ni darasani, na hapa nasema na walimu wenzangu.

Tangu shule za sekondari za chini zilipoanza mwaka 2023, wanafunzi wetu wengi wanasoma masomo ya maandalizi ya ufundi wakiwa na umri mdogo kuliko zamani. Isitoshe, shule nyingi zina pampu ya maji, jenereta, msumeno wa karakana, au mashine ya kukatia nyasi za ng'ombe wa shule. Mwalimu wa ufundi na mwalimu wa Kiswahili washirikiane kwa kipindi kimoja tu. Mashine zikiwa zimezimwa, wanafunzi wazizunguke wakiwa na daftari, wajibu maswali matatu. Ni sehemu gani inayozunguka, kukata au kubana? Je, kidole, tai ya sare au mkono wa sweta vinaweza kuifikia? Kinga yake iko wapi, na kama haipo, nani aliiondoa na kwa nini? Kisha warudi darasani waandike ripoti, na mwalimu wa Kiswahili awakataze kutumia kauli ya kutendeka. Atakayeandika "kinga iling'oka" aulizwe: iling'olewa na nani? Mwalimu mkuu naye apelekewe ripoti hizo, azisome. Sidhani kama kuna zoezi la sarufi lenye faida kubwa kuliko hilo.

Na methali tuifundishe, lakini tuifundishe pamoja na historia ya neno lake. Mwanafunzi ajue kwamba wahenga walisema juu ya mauti, na juu ya mauti walisema kweli. Juu ya mashine walituachia methali nyingine inayofaa zaidi, kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta.

Binamu yangu siku hizi huandika kwa mkono wa kushoto. Alijifundisha mwenyewe kwa kujaza madaftari ya watoto wa darasa la kwanza, na sasa anaweka hesabu za duka la mjomba kwa mwandiko unaosomeka. Hajanilaumu hata mara moja, na mara nyingine natamani angenilaumu.

Barua ile nimeiandika upya. Haina tena wa kupelekewa, lakini huwasomea wanafunzi wangu kila mwaka ninapofundisha kauli za vitenzi. Inasema hivi: "Wewe mwajiri uliamuru kinga ya mashine iondolewe. Mashine hiyo ikamkata mfanyakazi wako vidole vinne akiwa katika kazi uliyompa. Hii ni taarifa ya jeraha la kazini, na tunadai fidia kwa mujibu wa sheria." Ni barua fupi sana, na haina methali.